Wakuu, draiva za laptopu mnazitoa wapi? Kila ninayemuuliza hapa Dodoma ana jibu lake

Mkazi wa Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina Dell Latitude ya mtumba, Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256. Ilikuja na Windows 10. Microsoft walishaacha kuihudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, nikaona nisihangaike na Windows iliyojaa mafaili ya mtu nisiyemjua, nikapiga Windows 11 upya kabisa. Imekubali bila shida.

Shida ni draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashine. Kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, kuna vitu vitatu vina alama ya njano. Kimoja kinaitwa PCI Simple Communications Controller, viwili vinajiita Unknown device tu, basi. Bluetooth haipo. Sauti inatoka, lakini ni kama mtu anaongea ndani ya debe.

Nimeanza kuuliza. Fundi mmoja karibu na Sabasaba anasema ana draiva zote kwenye flashi, anachomeka, anabonyeza mara moja, elfu kumi. Mwingine ananiambia niache Windows ijitafutie yenyewe. Kazini kuna dogo kanitumia linki ya programu ya kukagua draiva. Nimeiendesha, imeniambia karibu draiva zangu zote zimepitwa na wakati, na moja eti ni ya mwaka 1968! Halafu nikitaka izisasishe nilipie kwanza.

Naomba mwenye kujua anielekeze taratibu. Natumia bando la simu, kwa hiyo sina GB za kuchezea.

---

Kijana wa Ng'ong'ona

Windows Update mkuu. Mengine yote ni kujitafutia presha. Mimi tangu nipige Windows yangu sijawahi kugusa draiva hata moja na mambo yanaenda.

---

Fundi wa Makole

Mwanzisha uzi, hiyo programu ifute kabla hujasoma mstari unaofuata.

Tuanze na hiyo 1968 maana inachekesha kweli. Intel ilianzishwa tarehe 18 Julai 1968. Zile draiva zao za chipuseti (chipu kuu za bodi), ambazo kazi yake kubwa ni kuiambia Windows jina la kifaa, wanazipa kwa makusudi tarehe hiyo ya kuzaliwa kampuni. Wanafanya hivyo ili Windows isije ikaziona mpya kuliko draiva maalumu ya kifaa hicho na kuifunika. Na draiva nyingi zinazokuja ndani ya Windows yenyewe Microsoft wamezipa tarehe 21 Juni 2006, kwa sababu hiyo hiyo. Sasa programu ya kukagua inasoma tarehe tu, inakuandikia kwa maandishi mekundu "imezeeka miaka hamsini na kitu", na wewe unatoa kadi ya benki. Hakuna kilichozeeka hapo.

Sasa swali lako. Mimi mashine ikifika mezani naanza na Windows Update, hapo dogo wa Ng'ong'ona yuko sahihi, ila kasema nusu. Windows Update inaleta draiva zile za lazima yenyewe. Nyingine inaziweka pembeni inasubiri uzikubali. Nenda Settings, Windows Update, Advanced options, kisha Optional updates. Watu wengi hawajawahi kufika hapo. Utakuta orodha imejificha, weka tiki kwenye zile za vifaa vilivyokosa tu, pakua, izime na kuiwasha.

Kama bado kuna njano, ndipo unakwenda tovuti ya aliyetengeneza laptopu. Narudia, aliyetengeneza LAPTOPU. Wewe ni Dell, unakwenda dell.com, sehemu ya msaada, unaingiza Service Tag, ile ya herufi na namba 7 iliyobandikwa chini ya mashine. Hapo wanakupa draiva za mashine hiyo, wala huhitaji kujua ina chipu gani ndani.

Kwa nini nisiende moja kwa moja kwa mwenye chipu? Kwa sababu Dell, HP, Lenovo na wenzao hawatengenezi vipuri vyote. Chipu ya sauti mara nyingi ni ya Realtek, waifai ni ya Intel au Qualcomm, na kadhalika. Lakini spika za Latitude ya Dell si spika za EliteBook ya HP. Kampuni inachukua draiva ya sauti na kuifanyia marekebisho iendane na spika na maiki za modeli hiyo. Ukiweka ya jumla sauti itatoka, ila bila yale marekebisho. Hiyo sauti yako ya debe naiwekea dau ni hilo.

Kwa vitu vya Unknown device usikisie. Bofya kulia, Properties, kichupo cha Details, kwenye kile kisanduku chagua Hardware Ids. Nakili mstari wa kwanza, uulete hapa tukusomee.

---

Bint Kondoa

Fundi, na kama kibandiko kimefutika? Hizi za mtumba nyingi chini zimesuguliwa, unakuta karatasi nyeupe tu.

---

Fundi wa Makole

Dada yangu, namba iko ndani ya mashine pia. Fungua PowerShell, andika:

Get-CimInstance Win32_BIOS

Itakuja na SerialNumber, kwa Dell hiyo ndiyo Service Tag. Au unaiwasha huku unagonga F2, utaiona kwenye BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine. Angalizo moja: mashine ya mtumba inaweza kuwa ilibadilishwa bodi huko ilikotoka. Kibandiko kinasema hiki, BIOS inasema kile. Vikipishana, fuata BIOS, kwa kuwa draiva zinaongea na bodi, haziongei na kava.

---

Mzee wa Manyoni

Nimesoma naona mnaelekezana kimjini mjini. Tovuti, Service Tag, PowerShell... Mimi niko Manyoni, nina kibanda cha simu na kompyuta. Anakuja mtu na mashine ya marehemu baba yake, Toshiba ya zamani, waifai haishiki, kadi ya mtandao haitambuliki, Windows imepigwa na mtu wa Itigi ambaye hapokei simu. Hiyo tovuti unaifungua na nini?

Mimi nina hadidisiki ya nje yenye Snappy Driver Installer Origin, programu ya kuweka draiva, na pakiti zake zote za draiva. Ni makumi ya GB, nazishusha nikienda mjini kwenye waifai ya uhakika. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, haina matangazo, haiombi kadi ya benki. Nachomeka, inasoma mashine bila intaneti, naweka draiva, mteja anaondoka. Sasa mtu akija hapa kusema pakiti zote ni utapeli ananikosea heshima na kazi yangu.

---

Fundi wa Makole

Mzee wangu, shikamoo. Sijasema zote ni utapeli, nimesema ile ya mwanzisha uzi ifutwe.

Ila nikuulize kwa heshima: ukiichomeka, unaweka tiki zote au unachagua?

---

Mzee wa Manyoni

Marahaba. Nachagua. Kwanza draiva ya kadi ya mtandao, nikishapata intaneti naangalia kilichobaki. Vijana ndio wanaobonyeza zote.

---

Fundi wa Makole

Basi hatupishani sana mzee. Wasiwasi wangu ni hao wa kubonyeza zote. Pakiti inachagua kwa kulinganisha namba ya kifaa na orodha, na mara nyingi namba moja ina draiva kumi zinazolingana. Inachukua inayoonekana mpya. Matokeo yake mashine iliyokuwa nzima inaondoka na tachipadi isiyosogeza kurasa kwa vidole viwili, au vitufe vya mwanga wa skrini vimekufa. Nimerekebisha nyingi za namna hiyo hapa Makole, na wateja wanakuja wamekasirika wakidhani ni virusi.

---

Mzee wa Manyoni

Hilo la tachipadi ni kweli, sikatai. Lakini mteja wangu akiambiwa arudi kesho kwa sababu ya bando, kesho anakwenda kwa jirani. Nitaendelea na hadidisiki yangu.

---

Mama Wawili Area C

Samahani kuingilia wataalamu. Kwa kukosa intaneti kwenye mashine mpya, mbona simu inatosha? Chomeka simu ya Android kwa waya wa chaji, washa USB tethering kwenye simu, kompyuta inaona intaneti kama vile umechomeka kebo. Windows 10 na 11 zinaitambua zenyewe bila kuweka draiva yoyote. Mdogo wangu wa chuo ndiye alinifundisha, nimeshawasaidia watu ofisini mpaka wananiita fundi.

---

Mzee wa Manyoni

Hii nzuri mama. Hii naichukua.

---

Kijana wa Ng'ong'ona

Hahaha leo mzee kapata kitu kipya.

Ila mtu wa bando asikilize hapa. Ukiiwekea hotspoti alama ya metered ili Windows isimalize GB zako, ujue kwa kawaida inaacha na kushusha draiva pia. Watu wanakaa wiki nzima wakisema Windows Update haileti kitu. Nenda Settings, Bluetooth & devices, Devices, shuka mpaka chini, kuna swichi ya kuruhusu kushusha draiva kwenye metered. Iwashe, maliza draiva zako, kisha izime.

---

Dereva wa Bajaji Chang'ombe

Nimeona "draiva" nikajua kuna ajira. Kumbe mko kwingine kabisa.

---

Mkazi wa Nkuhungu

Hahaha bosi, pole, karibu kiti.

Wakuu nimerudi. Optional updates kweli ilikuwa imejificha, imeleta sauti! Tofauti ni kubwa. Swichi ya metered ilikuwa imezimwa, asante dogo. Vitatu bado ni njano. Namba zake hizi hapa:

PCI\VEN_8086&DEV_9D3A
USB\VID_8087&PID_0A2B
ACPI\SMO8810

Hiyo ya tatu haina hata jina la kampuni, ndiyo imenitia wasiwasi. Si mtu kapachika kitu cha kunisikiliza?

---

Fundi wa Makole

Safi sana, hizi ndizo zinatakiwa, tunamaliza hapa hapa.

VEN ni utambulisho wa kampuni, DEV ni kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, walijipa namba ya ile chipu yao ya mwaka 1978. Ukikuta 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. Hizo tano ukizijua unasoma laptopu nyingi za mjini hapa bila kuuliza mtu.

Ya kwanza, 9D3A, ni Intel Management Engine Interface. Kwenye ukurasa wa Dell ipo upande wa chipuseti. Mashine inaenda bila hiyo, lakini iweke, huwa inahusika na kulala na kuamka kwa laptopu.

Ya pili ndiyo Bluetooth yako. Kadi ya waifai na Bluetooth ni kadi moja, ila ndani waifai inapita PCI na Bluetooth inapita USB. Ndiyo maana waifai inafanya kazi na mwenzake anaitwa Unknown. Hapa unaweza kuchukua ya Dell au ya Intel wenyewe kwenye intel.com, kwa waifai na Bluetooth za Intel zote zinafaa, na ya Intel huwa mpya zaidi.

Ya tatu ondoa hofu. SMO8810 ni kihisio cha kuanguka cha Dell. Laptopu ikidondoka mezani, kinaiambia hadidisiki iinue sindano yake kabla haijagonga sakafu. Wewe una SSD, haina sindano. Weka draiva yake ili njano iishe, faida nyingine kwako haina. Kwenye ukurasa wa Dell tafuta Free Fall.

---

Mkazi wa Nkuhungu

Loh! Nilishaanza kufikiria kuziba kamera.

---

Afisa wa Mtumba

Naomba nichangie upande wa usalama, maana ndiyo kazi yangu.

Draiva si programu kama kikokotoo. Nyingi zinakimbia ndani kabisa ya Windows, mahali ambapo kosa moja linaangusha mashine nzima. Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024, viwanja vya ndege na benki duniani vilivyosimama na skrini za bluu? Ilikuwa faili moja bovu lililosomwa na draiva ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Kwa makadirio ya Microsoft, mashine milioni 8.5 ziliathirika. Na hao ni watu halali waliokosea kwa bahati mbaya. Sasa wewe unashusha faili la exe kwenye tovuti ambayo humjui mwenyewe, na unalikabidhi ruhusa ya Administrator, ya kubadilisha chochote kwenye mashine, kwa mkono wako.

Jambo la pili. Windows za biti 64 zinadai draiva za aina hii ziwe na saini ya kidijitali, na tangu Windows 10 toleo la 1607, zile mpya zinapaswa kupitia kwa Microsoft zisainiwe huko. Ukikuta maelekezo yanayosema "kwanza zima ukaguzi wa saini", funga ukurasa huo. Kabla ya kuendesha faili lolote, bofya kulia, Properties, angalia Digital Signatures, soma jina la aliyesaini. Kama hakuna kichupo hicho kabisa, ulizia kwanza.

Ila nisiwadanganye kwamba tovuti rasmi ni salama asilimia mia. Machi 2019 Kaspersky walitangaza kuwa wahalifu waliingia kwenye mfumo wa ASUS wa kusambaza masasisho, wakawapelekea watu faili lenye sumu likiwa na saini halali ya ASUS. Na Mei 2017 iligundulika draiva ya sauti ya Conexant kwenye baadhi ya laptopu za HP ilikuwa inaandika kila kitufe mtu anachobonyeza, neno la siri likiwemo, kwenye faili la wazi. Zote mbili zilirekebishwa. Ndiyo maana mimi nasema: draiva ikishafanya kazi, iache. Mtu anayesasisha draiva kila wiki bila sababu anajifungulia milango asiyoihitaji. Sasisha kama kuna kitu hakifanyi kazi au kama mtengenezaji ametangaza tundu la usalama.

---

Kijana wa Ng'ong'ona

Afisa, kwenye kadi za picha hapo sikubali. Sisi wa magemu na wa kurenda video draiva mpya ni lazima, gemu jipya linakuja na draiva yake. Na hizo hatuchukui kwenye Windows Update wala kwa Dell, tunakwenda nvidia.com au amd.com. Ya kampuni ya laptopu unakuta ni ya miaka miwili nyuma.

---

Afisa wa Mtumba

Kadi ya picha ya kujitegemea, sawa, hapo ni tofauti na nakubali. Mimi nazungumzia mhasibu mwenye Excel.

---

Fundi wa Makole

Dogo yuko sahihi. Ila nawe usimpe mtu ushauri wa NVIDIA bila kuuliza ana kadi gani, hii ya mwanzisha uzi ni Intel tupu.

Na kwa wanaoingia kutafuta kwa Google: matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo, na tovuti za draiva zinalipia sana hiyo nafasi. Angalia anwani kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://, inatakiwa iishie na jina la kampuni lenyewe, kama dell.com, hp.com, lenovo.com. Jina la kampuni likiwa mwanzoni na mwishoni kuna jina jingine, hapo si kwao. Dalili nyingine ni kitufe kikubwa cha kijani cha kupakua halafu kinakuja kifaili cha MB mbili tu, ukikifungua kinataka kushusha vingine. Draiva ya picha peke yake ni mamia ya MB, haiwezi kuingia humo.

Njia nyingine ambayo watu hawaijui ni Microsoft Update Catalog, catalog.update.microsoft.com. Unabandika ile namba ya kifaa, VEN na DEV, inakuletea draiva zile zile za Windows Update. Inafaa ukitaka kupakulia mashine nyingine. Faili ni la cab, haliji na kitufe cha kusakinisha, unalifungua kwenye folda kisha kwenye Device Manager unaielekeza huko.

---

Bint Kondoa

Jamani mimi nina swali, msinifukuze kwenye uzi wa mtu. Nina duka la jumla. Mizani yangu inaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB wenye kichwa kikubwa cha zamani upande wa pili. Kwenye kompyuta ya Windows 7 ilikuwa inafanya kazi. Nimenunua ya Windows 11, sasa kwenye Device Manager pameandikwa: PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER. Nimeshapakua draiva kila mahali, inarudi pale pale. Supplier mwenyewe ni kijana alipita na begi.

---

Mzee wa Manyoni

Binti yangu, hapo draiva si tatizo, acha kumaliza bando. Hiyo PL2303 ni chipu ndogo iliyo ndani ya kichwa cha waya, ya kampuni inayoitwa Prolific. Ilighushiwa sana. Kampuni ikaamua draiva zake mpya zizikatae chipu za zamani na zile za bandia, na badala ya kufanya kazi zinakuandikia ujumbe huo. Draiva imeingia vizuri kabisa, ila imekataa kazi kwa makusudi.

Wapo wanaorudisha draiva ya zamani na inakubali. Unakwenda Update driver, unachagua mwenyewe kwenye orodha iliyopo, unachukua toleo la nyuma. Lakini siku Windows ikijisasisha inarudishia mpya, na wewe una wateja foleni. Nunua waya wenye chipu ya CH340. Ni rahisi, na Windows huwa inaipata yenyewe.

---

Afisa wa Mtumba

Mzee kamaliza. Niongeze tu kwamba FTDI nao, washindani wa Prolific, walikwenda mbali zaidi. Oktoba 2014 draiva yao iliyopita Windows Update ilikuwa inabadilisha namba ya utambulisho ndani ya chipu za bandia kuwa sifuri, ukihamishia waya kwenye kompyuta nyingine nako hautambuliki. Kelele zilikuwa nyingi mpaka wakaiondoa. Na huyo mwenye waya wala hakujua kama kauziwa feki.

---

Bint Kondoa

Kwa hiyo mimi nimeadhibiwa kwa kosa la kijana wa begi. Asanteni, nitaagiza huo wa CH340. Na printa je? Epson yangu inachapa vizuri ila kuskani haitaki.

---

Fundi wa Makole

Hiyo dada ni kwa sababu Windows imekuwekea draiva ya kuchapa peke yake. Nenda tovuti ya Epson, andika modeli iliyoandikwa usoni mwa printa, chukua kifurushi kamili chenye kuskani ndani. Kwenye printa nawaambia watu wote wa steshenari hivyo, ya Windows inatosha kuchapa, mengine yafuateni kwa mwenye printa.

---

Mama Wawili Area C

Swali dogo. Mashine ikiwa nzima leo, draiva zake zote nzuri, nikitaka kupiga Windows mwakani, lazima nianze upya kutafuta?

---

Fundi wa Makole

Hapana mama, na hapa ndipo watu wanapoteza muda bure. Chanzo bora cha draiva za mashine yako ni mashine yako yenyewe kabla hujaifuta. Chomeka flashi, tengeneza folda, tuseme inaitwa draiva. Fungua Command Prompt kama Administrator, andika:

pnputil /export-driver * D:\draiva

D ni herufi ya flashi, angalia yako ni ipi. Inazimimina zote ambazo si za Windows yenyewe. Ukishapiga Windows mpya unaandika:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Mwisho wa habari, bila intaneti. Sharti mashine iwe ile ile. Mteja akileta laptopu kupiga Windows, kabla sijafanya lolote naanza na mstari huo wa kwanza.

---

Mzee wa Manyoni

Kijana, hii mbona hukuisema mapema? Nilikuwa nahangaika na makumi ya GB.

---

Fundi wa Makole

Mzee, hadidisiki yako bado ina kazi kwa zile zinazokuja zimeshafutwa na mtu wa Itigi.

---

Mkazi wa Nkuhungu

Wakuu, njano zote tatu zimeisha. Bluetooth inashika spika ya sebuleni. Fundi wa Sabasaba atanisamehe.

La mwisho: kwenye ukurasa wa Dell kuna BIOS mpya, wameiandikia Urgent. Niiweke au ndiyo ile ya "ikifanya kazi iache"? Umeme huku Nkuhungu mnaujua.

---

Afisa wa Mtumba

Ikiwa Dell wameiandika Urgent, weka, mara nyingi hapo kuna tundu la usalama limezibwa. Kwa umeme usihofu sana, ni laptopu, betri inabeba. Dell yenyewe inakataa kuanza kama chaja haijachomekwa au betri iko chini mno. Kama betri ya mtumba haishiki chaji hata dakika kumi, hapo usiguse mpaka ubadilishe betri.

Jambo moja kabla hujaanza. Windows 11 ukiingia kwa akaunti ya Microsoft inaweza kuwa imeisimba diski yako bila wewe kujua. Ukibadilisha BIOS inaweza kuwaka na kukuomba ufunguo wa BitLocker, tarakimu 48. Ingia kwa simu kwenye account.microsoft.com, sehemu ya vifaa vyako, uuandike kwenye karatasi. Kisha tafuta Device encryption kwenye Settings uone imezimwa au imewashwa.

---

Mkazi wa Nkuhungu

Imewashwa! Na mimi sijawahi kuigusa. Ufunguo nimeuona, naunakili sasa hivi. BIOS nitaiweka Jumamosi asubuhi, betri ikiwa imejaa.

---

Bint Kondoa

Kuna mtu anajua duka la hapo Dodoma lenye waya wa CH340? Kaka yangu anapanda basi kesho kuja huku.

---

Kijana wa Ng'ong'ona

Dada, jaribu maduka ya vifaa vya elektroniki yanayouza vitu vya Arduino, wanafunzi wa uhandisi tunanunua huko. Mwambie kaka asitaje mizani, aseme tu "waya wa USB kwenda RS232 wenye CH340", na aujaribu hapo hapo kwenye kompyuta ya duka kabla ya kutoa hela. Device Manager ikiandika CH340 na namba ya COM, alipe.